Kibanda Ambacho Baba Hakukijenga

Tangu mwezi wa tatu tunakula tumepakata sahani, kwa sababu meza ya chakula imegeuzwa reli. Baba aliipigilia ubao wa plaiwudi bila kumuuliza mtu, akanunua kitreni cha betri chenye mabehewa mawili, akaziunganisha reli zake kwa mduara, kisha akaanza kujenga stesheni kwa kadibodi na gundi. Anayepika na kufua katika nyumba hii ni mimi, kwa hiyo nilipiga kelele. Akanijibu kwa upole kwamba gundi haijakauka, nisitikise meza.

Miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni, akiwa ndani ya kibanda cha ishara, akivuta vyuma kumi na saba alivyovijua kama vidole vyake. Wenzake walimwita Bwana Dakika, maana treni ikichelewa alinuna kutwa nzima. Ng'ambo ya reli, katika chumba cha tiketi, ndimo alimofanya kazi mama. Bendera ya kijani aliyopewa kwa ajili ya madereva, baba aliipeperusha kwa muuza tiketi, mpaka mkuu wa stesheni akamkaripia. Walioana mwaka huohuo.

Sasa mama anasahau. Alianza kwa kuacha sufuria motoni, yakafuata majina ya wajukuu. Tangu mwaka jana, kila baba anapoingia sebuleni, mama humkaribisha kiti kama mgeni. Daktari alisema vitu vya zamani huenda vikamchangamsha, na mfa maji haachi kutapatapa. Baba alitaka kitu kimoja tu: mkewe amtambue, hata kwa dakika moja.

Alijenga kwa miezi minne. Bati la paa alilikunja kutokana na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Ua wa stesheni ulikuwa sifongo yangu ya kuoshea vyombo, aliyoikatakata na kuipaka rangi. Nilimsema sana, lakini kusema kweli stesheni ilikuwa ileile yao ya zamani, hadi ufa wa kwenye tangi la maji.

Jumapili moja asubuhi alimvalisha mama gauni la buluu, akamketisha mbele ya meza, akawasha. Treni ikazunguka, ikasimama stesheni.

"Mama watoto, hapa ni wapi?"

Mama aliitazama kwa makini, akatabasamu. "Pazuri. Umewatengenezea wajukuu zako? Hongera, baba."

Baba aliniangalia mimi, kana kwamba nina jibu. Na kwa bahati mbaya nilikuwa nalo.

"Baba, kibanda chako kiko wapi?"

Hakuwa amekijenga. Kila kitu kilichoonekana kutoka kwenye kiti chake cha kazi kilikuwepo mezani, hata choo cha abiria. Kibanda tu ndicho hakikuwepo, kwa sababu yeye alikuwa ndani yake. Na mama, miaka yote ile, akiinua macho kutoka kwenye tiketi zake, alikuwa akikiona hicho.

Siku hiyohiyo baba alikata kadibodi. Vile vyuma kumi na saba alivitengeneza kwa njiti za kiberiti, saa ya ukutani akaichora. Alipofika kuta za nje, akakwama. Zilikuwa na rangi gani? Dirisha lilianzia wapi? Yeye mwenyewe alionekana hadi kifuani, au kichwa tu? Picha ya nje hatuna, na kibanda kilibomolewa reli ilipofungwa. Mimi nilimpelekea chakula pale utotoni, lakini nakumbuka ngazi tu, maana nilikuwa nazihesabu.

Baba alichuchumaa mbele ya mama, magoti yakalia.

"Ulikuwa ukitazama ng'ambo, ulikuwa unaona nini?"

"Ng'ambo ya wapi?"

"Ya reli. Pale kwangu."

Mama alifikiri. Alijitahidi kweli, nilimwona, na sikuweza kuvumilia, nikajifanya nakunja nguo. Ni yeye peke yake duniani aliyewahi kumtazama baba kutoka upande ule.

"Sijawahi kufika kwako, baba," alisema hatimaye, kwa kuomba radhi. Kisha akamwonea huruma, akamgusa bega. "Pumzika kidogo. Mkeo akikuona umechoka hivi atasikitika."

Baba akamwambia asante, akaenda kuosha brashi.