Manowari ya Gogo Moja

Kabla hajakata gogo lolote, mjomba wangu Alfredi alilibisha kwa kifundo cha kidole, kisha akaliwekea sikio. Mpingo wenye ufa moyoni hujibu kama debe. Alibisha hata meza za watu. Siku ya harusi yangu alibisha kabati la zawadi mbele ya wakwe.

Alikuwa mchongaji Kitangari. Kiharusi kilipoua mkono wake wa kulia, majirani wakaanza kumtaja kama marehemu: alikuwa fundi yule.

Nafundisha historia sekondari, Masasi. Nilimpelekea kitabu cha picha ili asishinde akitazama ukuta. Akaganda kwenye manowari ya Marekani, West Virginia: mizinga minane mikubwa, miwili miwili, mkanda mnene wa chuma kiunoni, na milingoti miwili iliyofumwa kama matenga. Nikamsomea kwamba Wajapani waliizamisha bandarini Pearl Harbor mwaka 1941, na mabaharia waliokwama chini wakawa wanagonga kuta, wenzao wakiwasikia wasiweze kuwafikia.

"Walibisha," alisema. "Halafu?"

"Wakaiinua kutoka matopeni, mjomba. Wakaiunda upya, ikarudi vitani. Kule Surigao, Ufilipino, ndiyo manowari iliyotangulia kufyatua mizinga."

"Niletee gogo."

Alichonga kwa mkono wa kushoto, gogo kalibana kwa magoti.

"Baba Felix," mkewe alimtania, "bahari umeiona mara moja, Mtwara, ukailalamikia chumvi."

"Ndiyo maana nachonga meli, sichongi bahari."

Kwa wachongaji wa rika lake kinyago hutoka kwenye gogo moja. Kuunga ni aibu. Alikuwa amekwisha kutoboa matenga ya milingoti yote miwili, kazi ya miezi, tindo ilipoteleza ikavunja mlingoti wa mbele. Yassini, mfanyabiashara aliyepeleka vinyago vyake Dar es Salaam, alikuwepo.

"Gundi na vumbi la mpingo, mzee wangu. Mzungu haoni kitu."

"Mimi naona."

"Basi chonga vitwiga vya funguo. Mkono huo ndio saizi yake."

Mjomba alinigeukia. "Mama Wema, nifungulie kitabu, ile picha ya meli baada ya kuinuliwa."

Nikafungua. Milingoti ya matenga haikuwepo. Mahali pake mafundi walikuwa wamejenga mnara mfupi, mnene. Mjomba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akashika shoka dogo, akaukata mlingoti wa nyuma, ule mzima. Yassini akashika kichwa. Kutoka kwenye kisiki cha mbele mjomba akaanza kutoa mnara. Mbavu za meli Wamarekani walikuwa wamezinenepesha. Mti haunenepi, kwa hiyo akapunguza sehemu ya juu mpaka mbavu zikaonekana zimetuna.

Mizinga ilimchosha kuliko yote, myembamba kama njiti. Wa mwisho ulikuwa umetoka salama, msasa tu ukibaki, kiharusi cha pili kilipomwangusha.

Niliipeleka manowari hospitalini Newala nimeifunga kwenye kanga. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. Nikaisogeza sikioni mwake. Akainua kidole cha mkono wa kushoto, akabisha ubavuni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Nzima," alisema. "Mwambie Yassini, gundi yake akabandikie viatu."