Namna Tulivyoitoa Sauti ya Mayo Kalunde

Siku ile ya Tura naikumbuka mara nyingi, mwanangu, na jana niliikumbuka tena uliponionyesha simu yako. Ulisema unataka kuchomoa sauti ya marehemu babu yako kwenye video ya harusi ya shangazi yako, kisha video yenyewe uifute kwa kuwa inakula nafasi. Niliendelea na kazi zangu, nawe ukadhani bibi hajui mambo ya video. Haya, vuta kigoda ukae, chai bado ya moto.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa msichana niliyeajiriwa karibuni kwenye gari la sinema ya serikali. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Idi, mtu wa Tabora mjini, mpenzi wa kahawa, maneno yake machache. Tulizunguka vijijini, leo upande wa Nzega, wiki ijayo upande wa Tura, na projekta, jenereta na shuka kubwa jeupe la kuonyeshea picha. Kazi yangu ilikuwa kukunja nyaya na kubadilisha filamu, na kwa kazi hiyo nilijiona injinia.

Kulikuwa na filamu moja ambayo watu kutoka Dar walikuwa wameipiga katika kijiji cha ujamaa karibu na Tura. Wanakijiji wanabeba matofali ya kujengea shule, na mbele yao yuko Mayo Kalunde, yaani Mama Kalunde kwa Kinyamwezi, anaongoza wimbo na wenzake wanaitikia. Lakini hadi tunaifikisha filamu kijijini kwake, alikuwa ameugua koo. Walimtibu hospitali ya Kitete, Tabora mjini, akapona, ila sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono tu.

Basi jioni ile sauti yake ilipotoka kwenye spika, nene na yenye nguvu, uwanja mzima ulisimama na kuitikia. Yeye mwenyewe alikaa kwenye mkeka mbele kabisa, mkono shingoni. Filamu ilipokwisha, binti yake Nyamizi, msichana wa rika langu, alinifuata.

"Dada, mwezi ujao naolewa," akaniambia. "Mama ndiye angeniimbia. Hiyo sauti yake haiwezi kutoka humo mkatuachia?"

Nikajibu inaweza, kabla hata sijamuuliza Mzee Idi. Ulimi hauna mfupa. Filamu ilikuwa irudi Dar kwa treni mara tukifika Tabora, na utepe wa kurekodia tulikuwa nao mmoja tu, maana siku hizo utepe ulikuwa adimu kama sukari. Mzee Idi akakubali kuirudia filamu, watu wakashangilia, nami nikaishika maiki mbele ya spika kwa mikono miwili.

Kesho yake Tabora nikamsikilizisha mzee kwa mbwembwe zote. Jenereta linanguruma, mbuzi analia, watoto wanagombana, akina mama wanaitikia juu ya yote, na Mayo Kalunde yuko mbali huko kama yuko ndani ya kisima. Mzee Idi alisikiliza hadi mwisho.

"Zuhura," akasema, "nilidhani unamrekodi mtu. Umerekodi uwanja."

Kisha akanifundisha, na hakunionea haya. Sauti ya filamu, alisema, imo kwenye mstari mwembamba pembeni mwa picha. Mashine inausoma mstari ule na kuipeleka sauti kwa waya hadi kwenye spika, na ikishatoka hapo inachanganyika na kila kilichopo hewani. Anayetaka maji safi huyachota kwenye chemchemi, kabla ng'ombe hawajapita. Tukamwendea fundi mmoja wa Kihindi, mtengenezaji wa redio mtaani, akatuungia waya wa kutoka kwenye projekta hadi kwenye mashine ya kurekodi, spika tukaiweka kando.

Nikarudisha utepe mwanzo ili nifute ile aibu yangu. Kidole kiko kwenye kitufe, mzee akanishika mkono.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema.

Nilikasirika moyoni, maana mbachao wenyewe ulikuwa na mbuzi ndani. Akausogeza utepe hadi pale palipokuwa patupu, ndipo akaniruhusu. Nami kwa kudhani sauti kubwa ndiyo sauti nzuri, nikafungulia hadi mwisho. Tulipoisikiliza, ilikuwa inapasuka kama kitambaa kikuukuu kinachochanwa. Kama ningekuwa nimefuta ile ya kwanza, wakati ule nisingekuwa na kitu cha kumpelekea yule bibi harusi, na treni ilikuwa jioni hiyo hiyo.

Mzee akanipunguzia sauti, tukajaribu kipande kidogo, tukasikiliza, tukapunguza tena, ndipo tukaanza. Safari hii ilitoka yote, hata pumzi anazovuta baina ya beti na beti. Filamu tukaiwahisha stesheni ikiwa nzima.

Siku ya harusi tulikuwako. Nikaweka ile safi, na maneno yakasikika moja moja. Mayo Kalunde alichezesha midomo akiifuata sauti yake, na wasichana walipokosea kuitikia aliwasahihisha kwa mkono, hadi wakaushika wimbo wote. Nilijaa fahari. Halafu akamvuta binti yake, akamnong'oneza sikioni.

"Mama anauliza," Nyamizi akaniambia, "ile ya uwanjani ipo?"

Niliona haya kwa ajili ya yule mbuzi, lakini ilikuwapo. Mzee Idi akaiweka bila kunitazama. Na humo, juu ya jenereta na watoto, ikasikika sauti ya msichana mmoja akimwitikia mama yake kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa Nyamizi. Mayo Kalunde akacheka kicheko chake kisicho na sauti, mabega yakitikisika, akaushika mkono wa mwanawe hadi utepe ulipokwisha, kisha akaomba irudiwe. Utepe tuliwaachia wao.

Kwa hiyo mwanangu, itafute video ile ile iliyopigwa siku yenyewe, usichukue iliyozunguka kwenye simu za shangazi zako hadi ikachakaa. Sauti itoe ndani kwa ndani, kama ilivyo. Usiweke simu moja iseme na nyingine isikilize, utarekodi majirani na kuku wao. Usiitunishe kwa tamaa ya ukubwa, na ukimaliza isikilize hadi mwisho kabla hujajisifu. Haraka haraka haina baraka.

Na video usiifute, nafasi tafuta kwingine. Jana uliniambia pia kuwa babu anapowausia maharusi kuna mwanamke nyuma yake anamkatiza katiza, naye utamwondoa. Huyo ni mimi, mwanangu. Ndivyo nilivyomwitikia babu yako maisha yetu yote.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akupe masikio matulivu, akupe wa kukuita, na asikunyime wa kukuitikia.