Mkia wa Darasa la Saba

Mwalimu Kasilda, pale shuleni kwao nje kidogo ya Sitalike, hakuwa na mchezo na ufaulu. Kila Ijumaa alitoa jaribio, na aliyeshika mkia alifungwa mkia kweli kiunoni, wa ng'ombe, akashinda nao shuleni wiki nzima. Wa kwanza alipigiwa makofi na kupewa daftari. Eti kuwatia ari! Na kweli shule ilipanda, wakubwa wakamsifu, naye akavimba kichwa.

Basi ukaja mtihani wa kuchagua watoto watakaolala kambini shuleni, wajiandae na mtihani wa taifa. Milembe, binti wa mfugaji Mabula, mtoto aliyemaliza hesabu wenzake wakiwa bado wanachonga penseli, akashika mkia. Kasilda alifura. Kwenye kikao cha wazazi alisimama akatamka mbele ya wote kwamba binti huyu hana kichwa, na kambini haendi. Mabula hakubisha. Kesho yake Milembe alikuwa machungani.

Aliyemfumbua Kasilda macho ni Lucia, msichana ambaye masomo yanampa tabu kuliko wote darasani, lakini ajabu, mkia hakuwa akiuvaa kila wiki. Kasilda alimwita ofisini, akambana.

"Tunapeana zamu, mwalimu," Lucia alisema huku analia. "Kila Ijumaa mmoja anakosa makusudi, ili nisiuvae mimi tu. Siku ile ilikuwa zamu ya Milembe."

"Hata kwenye mtihani wa kambi?"

"Nilimwambia aache. Akasema zamu ni zamu."

Lo! Watoto walikuwa wanatendeana utu mbele ya macho yake, yeye akauita ujinga. Aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke.

Asubuhi akaenda kwa Mabula kabla ng'ombe hawajatoka.

"Mzee Mabula, nilikosea. Milembe ana akili sana. Naomba arudi shule."

Mabula akamjibu: "Mwalimu, lile neno la kwanza ulilisema mbele ya watu wote. Hili la leo umekuja kuniambia hapa, tuko peke yetu. Nishike lipi? Nenda kaliseme palepale kikaoni, mtoto atarudi."

Jambo dogo hilo jamani, maneno mawili matatu! Lakini Kasilda alimfikiria mwalimu mkuu, akawafikiria wazazi wakiuliza nani aliwafunga watoto wao mkia wa ng'ombe. Moyo ulimwambia akubali. Mdomo ukasema, "Ngoja kwanza, mzee. Tutaangalia."

Milembe alikuwa mlangoni, sare ameishika mkononi. Alisikia yote. Akairudisha ndani, akachukua fimbo, akaelekea zizini. Alipompita mwalimu wake alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Kasilda alishindwa kuitikia.