Mama Halima Ameingia Kwa Grupu Yetu ya Torati

Leo nimeongeza mtu kwa grupu kimakosa, na simtoi!

Nilianzisha grupu ya WhatsApp ya kusoma Torati, fungu moja kila wiki. Nikaongeza watu wa kanisa letu hapa Kapsoya.
Kidole kikateleza kwa jina la Mama Halima, Mwislamu anayeniuzia vitambaa.

Tulikuwa tunasoma Hajiri akiwa jangwani na mtoto, maji yamewaishia.

Baba mmoja akaandika, "Huyu Mama anatafuta nini huku?"
Wacha nione aibu!

Kabla nijibu, Mama Halima akatuma sauti:
"Huko kwetu kaskazini nimewahi kukimbia nikitafuta maji, mtoto mgongoni. Hajiri namjua."



Halafu yule baba akauliza, "Mama, mtoto alipona?"

"Alipona. Ameolewa Moiben."

Nimemfanya admini. Nani mwingine anaingia?