Mchongoma wa Kizungu wa Revelian

Revelian alikuwa shambaboi wa Mzungu mmoja kule Oyster Bay, na sie huku Kinondoni tukimwita Fundi. Alitoka Bukoba mwaka wa arobaini na saba, na sanduku la bati na mdomo usiochoka. Ukimwuliza jina la mti wowote, hakosi jibu. Neno "sijui" halikumtoka hata siku moja, na mie hilo nililipenda kwake, Mungu anisamehe.

Akipogoa bustani ya Mzungu, vijiti havitupi. Huvifunga kwenye gunia bichi, akarudi navyo, watu wakapata ua wa bure. Kwangu alipanda mti ambao kiangazi hupukutisha majani yote, yakabaki matunda madogo mekundu, yanang'aa kwenye vijiti vitupu. Nikamwuliza unaitwaje.

"Mchongoma wa Kizungu, mama Siwema."

"Mbona hauna miiba?"

"Si nimekwambia wa Kizungu?"

Tukacheka. Michongoma tunaijua, tumekua tukila matunda yake porini. Mtaa mzima ukautaka.

Siwema wangu alikuwa na miaka mitano. Asubuhi moja ya Septemba nikamkuta chini ya ua, midomo myekundu, anatapika. Nikapiga ukelele. Revelian, jirani wa mlango wa pili, akaja mbio, akambeba mgongoni mpaka dispensari, mie nyuma miguu mitupu.

Dresa, mtoa dawa wa pale, akauliza kala nini.

"Matunda ya mchongoma," nikasema.

Akatabasamu. "Hayo hayaui mtu, mama. Kavimbiwa tu." Kisha akamgeukia Revelian, maana sifa zake za miti zilikuwa zimefika hata huko. "Ni mchongoma kweli?"

Revelian alikuwa kashika kofia kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Akanitazama mie, akamtazama dresa.

"Ndiyo," akasema.

Tukapewa chupa ya dawa ya tumbo, tukarudi. Adhuhuri mtoto akaanza kukakamaa. Alasiri haijaadhiniwa, akanifia mapajani.

Siku ya tatu ya matanga Revelian akaja, akakaa mchangani, mkeka akaukataa. Akasema jina lile alilitunga mwenyewe, palepale uani kwangu, kwa sababu la Kizungu lilimshinda kutamka. Na mke wa yule Mzungu alimwonya asiwaache watoto wake wausogelee mti ule. Yeye akadhani ni deko tu, maana watoto wa Kizungu hukatazwa kila kitu, hata kukanyaga chini.

Nilikuwa na hasira ya kumuua. Nikamwuliza pole pole, "Na pale dispensari, dresa alipokuuliza, mbona hukusema?"

Alilia kabla hajajibu.

"Niliona aibu, mama Siwema. Pale barazani palikuwa na watu."

Walikuwa wanne tu. Nawakumbuka.