Bikira Ambaye Sikumuua

Mimi niliachia masomo mwaka wa tatu wa shule ya primere, na leo nina mitumbwi mitano ya moteri na nyumba ya matofali ya kuchoma. Hapa Kalemie wakitafuta muntu mwenye sauti, wananiita mimi. Kwa hiyo paruasi ya kanisa letu ilipotaka kucheza teatri ya binti mumoja wa zamani, bikira aliyeuawa na Waroma kwa kukataa ndoa na kukataa miungu yao, mukubwa wa Waroma njo nilikuwa mimi. Bikira alikuwa mutoto wangu wa kwanza.

Nyumbani tulikuwa na vita. Yeye alitaka kuingia kwa masista kule Kirungu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumupa neno rafiki yangu, muchuuzi wa ziwa, kwamba ataolewa na kijana wake.

Lakini kusoma karatasi ya teatri siwezi vizuri. Basi kila asubuhi, tukianika ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwenye muchanga, yeye ndiye alinifundisha maneno ya mukubwa.

"Papa, sema: Tupa ubani kidogo tu motoni, uolewe, uishi."

Nikasema mara moja, bila kukosa.

"Haya umeyashika mbio," akacheka. "Si ni ya kila siku?"

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa. Nilikaa, kikwembe chekundu cha mama yake begani kama joho la Roma, nikaona maneno ya karatasi ni madogo. Nikaongeza yangu: "Nitakupa nyumba ya matofali! Nitakupa mutumbwi wa moteri!"

Mama mumoja akaita, "Papa, Roma kulikuwa moteri?"

Watu wakacheka, mutoto hakucheka. Alipiga magoti akanitazama: "Nimekwisha kuahidiwa kwa mwingine. Upanga wako hauwezi kugeuza hilo."

Uso ule niliujua. Ni wangu, siku nilipomwambia baba yangu kule Bendera kwamba jembe lake silitaki, ninashuka ziwani. Alinipiga, nikashuka.

Vijana, askari wangu wenye panga za mbao, wakasubiri amri yangu. Mutoto akafikiri nimesahau, akaninong'oneza, "Papa, sema: Auawe."

"Sisemi," nikajibu, kanisa zima likasikia. Nikasimama. "Mimi na Roma yangu tumeshindwa."

Padri alifunika uso. Panga za mbao zikarudi kwa sakristia bila kazi.

Rafiki yangu nilimwendea kesho yake nikavunja neno langu. Alikasirika, shauri yake. Kisha nikatia mafuta katika mutumbwi mukubwa kuliko yote, na sikumwachia muntu mwingine usukani. Tulipita Zongwe, njia ya Kirungu, jua likipanda, mutoto mbele na kisanduku chake, mimi nyuma nimeshika moteri. Aliyemufikisha kwa masista ni mimi.