Tulilinda Vikombe Kwenye Boti

"Chungeni vikombe."

Hilo ndilo alilonikatiza nalo mwenye nyumba kwenye simu, hata safari yetu sijamaliza kuieleza.

Nilikuwa naulizia vyumba. Sisi ni watu wa bara, bahari iko mbali, na kila kiangazi anayejaliwa anateremka visiwani. Safari hii tulikuwa na sababu. Binti yangu Tihana alikuwa anaolewa Septemba, na wenzake walitaka kumuaga kwa sherehe ya boti.

Nikamweleza yule mama, Bi Jakica, kwamba tunakuja na wasichana watano. Watakodi boti, watapiga muziki, wataogelea.

Hapo akanikatiza.

"Kuna msichana alipanda boti ya namna hiyo," akasema. "Kinywaji chake kilitiwa kitu. Akalala. Hakuamka. Chungeni vikombe, mama."

Nikamuuliza ni lini, boti gani, msichana wa nani.

"Watu wanasema tu." Akahamia kwenye habari za mashuka na taulo.

Mimi shule yangu iliishia darasa la nane, na maisha yangu yote nimepika kwenye kantini ya kiwanda. Sijui kuandika kwa madoido. Lakini hili nisipoliandika litanila ndani kwa ndani.

Yale maneno yalinikaa. Nikipika yapo. Nikilala yapo. Akalala, hakuamka.

Wasichana walikuwa na kundi lao la WhatsApp la kupanga sherehe. Nani alete maputo, nani alete spika, nani amshonee Tihana shela ya mzaha. Siku moja walipokusanyika kwangu, nikawamwagia habari ya vikombe.

"Mama, umeanza," Tihana akasema.

Iskra akacheka mpaka akashika tumbo. Iskra ni binti wa jirani yangu Ljerka. Amekua kwenye ua wetu, amekula kwangu kama kwao. "Mama Tihana," akasema, "wewe ungeweza hata bahari ungeifunika na kufuli ukatia."

Basi mimi na Ljerka tukakata shauri. Tunapanda nao hilo boti.

Kelele zilizotoka hapo! "Nani anakwenda na mama yake kumuaga bibi harusi? Si bora tumwalike na padri!"

Tukakubaliana hivi: sisi wamama tutakaa mbele ya boti na chakula, wao watakaa nyuma na muziki wao, na hatutageuza shingo kila dakika.

Ljerka na mimi tukajipanga kama watu wanaokwenda vitani. Vinywaji vyote tutoke navyo nyumbani, chupa hazijafunguliwa. Vikombe viwe vya mfuniko, kila kimoja na jina lake. Boksi la barafu liwe na kufuli, na ufunguo auning'inize Ljerka shingoni. Cha nahodha hakinywewi, hata maji.

"Akijaribu, tutaona," Ljerka akasema. Tulijiona wajanja kweli.

Kisiwani Bi Jakica alitupokea mlangoni, amevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, na jua lile.

"Mjane, maskini," Ljerka akaninong'oneza.

Papo hapo akatokea mzee mwenye fulana, akabeba masanduku yetu mawili kwa mpigo. "Karibuni, karibuni. Mimi ni Prošper, mume wa huyu."

Tukatazamana na Ljerka. Huyu anamvalia nani nyeusi? Lakini bibi wa visiwani huwa anavaa nyeusi hata kwa shangazi wa mbali, kwa hiyo hatukuuliza.

Siku ya boti, Bi Jakica hakutusindikiza bandarini. Alisimama kwenye ngazi, akamshika Tihana nywele kidogo, akanitazama mimi. "Vikombe," akasema.

Nahodha aliitwa Tonko. Mtu wa makamo, mkavu, hana maneno mengi. Boti lake lilikuwa na paa la turubai, na pembeni mapazia ya nailoni yamekunjwa juu na kufungwa kwa kamba. Huko nyuma kabisa, karibu na ngazi ya kuogelea, kulikuwa na jenereta ya kuendesha spika na friji.

Akatukaribisha kwa vijiglasi vya pombe kali ya majani, kama wanavyofanya huko. Ljerka akapokea chake, akamtazama machoni, akakimwaga baharini taratibu.

Tonko akacheka. "Mama, umewalewesha samaki wangu."

"Wakiamka kesho, nitakuomba radhi," Ljerka akajibu.

Wasichana wakatamani wazame kwa aibu.

Tukatia nanga kwenye ghuba moja ndogo. Siwezi kusema haikuwa nzuri. Tihana na shela yake ya mzaha, Iskra anamkimbiza kwenye maji, muziki unapasua miamba. Mimi nagawa nyama ya kukaanga ndani ya mkate, kila aliyetaka kunywa anapita mbele yangu, namfungulia, anakunywa, nafunga. Nilifurahi. Nilijisemea, Blaženka, umewaweza.

Alasiri upepo ukaamka.

Wasichana wakatoka majini wanatetemeka, nywele zinachuruzika. Hapo ndipo umama wetu ukapanda kichwani.

Msomaji, labda wewe kwenu mna hofu zenu. Sisi kwetu mama haogopi moto kama anavyoogopa upepo unaoingia huku na kutokea kule ukimkuta mtu na nywele mbichi. Shingo inakauka, masikio, figo, uzazi, kila ugonjwa tunausingizia huo upepo. Tumelelewa hivyo na tumewalea hivyo.

"Vueni hizo nguo za kuogelea, mtaharibu vibofu!" nikapiga kelele.

"Huyu kesho kutwa ni bibi harusi, shingo ikipinda atakwendaje kanisani?" Ljerka akasema. "Shoga, shika kamba za kushoto."

Tukayateremsha mapazia. Mimi kamba za kushoto, yeye za kulia, na la mbele tukalifunga pamoja. Upande wa nyuma tukauacha wazi.

Tonko akatuona. "Wamama, acheni wazi. Moshi utawarudia humo ndani."

"Una watoto wewe?" Ljerka akamuuliza.

"Sina."

"Basi nyamaza."

Nikaingiza kichwa, nikanusa. Sikusikia moshi. Nilisikia harufu ya mafuta ya kujipaka na ya bahari, basi.

Tonko akainua mabega. Upepo ulikuwa unalivuta boti, kwa hiyo akachukua mtumbwi wake mdogo wa mpira akaenda kufunga kamba ya pili kwenye miamba.

"Mama," Iskra akaita toka ndani, "kichwa kinanigonga."

"Jua hilo. Si nilikwambia uvae kofia? Lala kidogo." Ljerka akaingia, akamzungushia taulo kichwani, akamlaza kwenye benchi la ndani kabisa, mbali na upepo. Akarudi kwangu mbele.

Tukaanza kukata keki ya kokwa za jozi. Vikombe vyote vilikuwa mbele yetu, mstari mmoja, mifuniko juu. Naapa hakuna aliyevigusa.

Muziki ulikuwa unaendelea. Ila kucheka kulikuwa kumeisha, na hatukukusikia kuisha kwake.

Nilikwenda kuwaita waje wale keki. Nikachungulia kupitia nailoni. Wote wamelala. Tihana karibu na ngazi, mguu unaning'inia nje. Wengine wamelaliana. Mashavu yao mekundu, mazuri, kama ya watoto waliotoka kuogeshwa.

"Njoo uwaone walivyonawiri," nikamwambia Ljerka.

Akachungulia, akatabasamu. "Waache. Wamechoka."

Tukawaacha.

Tonko aliporudi, akiwa bado kwenye mtumbwi, nilimwona anatazama ndani. Uso ukambadilika. Akaruka juu ya boti, akaipiga teke jenereta, muziki ukakatika. Akachomoa kisu kiunoni.

Wewe ungefikiri nini? Mtu tuliyemshuku toka asubuhi, ana kisu, na watoto wetu wamelala hawaamki.

"Umewawekea nini?" Ljerka akapiga ukelele. "Umewawekea nini, mshenzi wewe?"

Tonko akamvuta Tihana kwa makwapa mpaka nje kwenye hewa. Akawavuta waliofuata. Akarudi na kisu kuchana pazia la mbele, pale alipolala Iskra.

Ljerka akamrukia. Akamng'ang'ania mkono wa kisu kwa mikono yake miwili. "Usimguse mwanangu! Usimguse!"

"Mama, niachie! Hapumui! Niachie!"

"Blaženka, nisaidie, anataka kumuua!"

Mimi nilikuwa nimepiga magoti, kichwa cha Tihana mapajani, namzaba makofi aamke. Sikumsaidia Ljerka, wala sikumsaidia Tonko. Nilipiga kelele tu.

Walipigana mpaka wakaangukia pazia na pazia likachanika lenyewe. Tonko akamtoa Iskra, akampulizia pumzi mdomoni, akampulizia, akampulizia. Boti la uokozi, lililoitwa na watu waliosikia kelele zetu, lilipofika bado anampulizia.

Tihana aliamka hospitali. Alitapika, akaniuliza kama shela yake imelowa. Wale wengine watatu nao waliamka, mmoja baada ya mwingine.

Iskra hakuamka.

Polisi walivichukua vikombe vyetu vyote. Walikuta divai, juisi na maji ya gesi, hakuna kingine.

Daktari akatukalisha. Akasema ni sumu ya moshi wa jenereta. Kuna hewa ndani yake isiyo na rangi wala harufu. Upepo ukitoka mbele na mapazia yakiwa yamefungwa, ile sumu inanyonywa toka nyuma na kukaa humo. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, uso unakuwa mwekundu kama wa mtu mwenye afya, basi.

Ljerka alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Daktari ni mtu wa kisiwa hikihiki. Anamlinda nahodha wao."

Akatoka na simu. Nilimsikia uani kwa Bi Jakica anaongea na dada yake, na shangazi zake, na majirani. "Walimtilia kitu. Ndiyo. Kwenye kikombe."

Kabla hatujapanga namna ya kumsafirisha marehemu, mji wetu mzima ulishajua kwamba visiwani wasichana wanatiliwa vitu kwenye vinywaji. Watu wanasema tu.

Nikaenda jikoni kwa Bi Jakica. Nilitaka kumshukuru kwa onyo lake, na kumwambia halikutufaa.

"Daktari amesema nini?" akaniuliza.

"Moshi."

Akaweka chini sufuria ya kahawa. Akaketi polepole.

"Mliyafunga mapazia?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za mapazia; daktari mwenyewe aliambiwa na Tonko. Hata polisi walikuwa hawajaniuliza.

"Alikuwa anatetemeka," Bi Jakica akasema. Hakuwa ananitazama. "Nywele mbichi, zimefika hapa kiunoni. Niliyafunga kwa mkono wangu huu, kamba moja moja. Mwanangu, Anđelka wangu. Alikuwa na mashavu mekundu, nikasema, aa, amepata joto."

Mzee Prošper alisimama mlangoni. "Jakica. Inatosha."

"Haitoshi, Prošper. Ndiyo maana mwingine amekufa."

Akanigeukia. "Daktari aliniambia vilevile. Nilimtemea mate. Kama ni kikombe, basi kuna mtu wa kumlaani, na mimi nikilaani napata usingizi. Nimewaambia watu kikombe miaka yote hii mpaka nikakiona hicho kikombe kwa macho." Akanishika mkono, akaubana. "Mwambie mwenzako. Usimwache awe kama mimi."

Sikumwambia kisiwani. Sikumwambia msibani. Harusi tukaisogeza, Tihana alisema hawezi kusimama kanisani bila Iskra. Na kila nilipotoka nje nilimsikia Ljerka ng'ambo ya ukuta, dukani, kanisani: kikombe, kikombe, kikombe. Wamama wanamsikiliza, wanatikisa vichwa, wanapeleka mbele.

Mpaka binti wa muuza mikate akaanza kupanga safari ya boti ya kiangazi kijacho. Mama yake akanionyesha kwa fahari vikombe vya mfuniko alivyonunua.

Ndipo nikaenda kwa Ljerka. Novemba hiyo, baridi imeanza. Alikuwa ametoka kuosha nywele.

"Shoga," nikamwambia, "tulifunga sote. Mimi kamba za kushoto, wewe za kulia."

Nikamweleza habari za Bi Jakica tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilijua atanifukuza. Hakunifukuza. Aliinuka, akafungua dirisha la jikoni. Akaenda akafungua mlango wa nyuma. Halafu akavuta kiti, akaketi katikati, nywele zinachuruzika mgongoni, ule upepo tunaouogopa maisha yetu yote unampita.

Nilitaka kuinuka nifunge. Mikono yangu iliwasha kwa kutaka kufunga.

Sikufunga. Nikavuta kiti changu, nikaketi karibu yake.

Ndipo akasema, "Andika wewe. Mimi mkono haushiki."

Nami nimeandika. Kesi ya Tonko, kuhusu ile jenereta, bado iko mahakamani. Mimi nawaachia haya.

Msiwashe jenereta ya boti huku watu wamekaa nyuma yake au wanaogelea karibu na bomba lake la moshi.

Msifunge mapazia ya boti wakati injini au jenereta inafanya kazi. Hata kama kuna upepo. Hata kama nywele ni mbichi. Wapeni taulo na kofia.

Msitegemee pua. Haina harufu.

Msimwambie anayeumwa kichwa akalale ndani. Mtoeni nje kwenye hewa.

Msiyafurahie mashavu mekundu ya mtu asiyeamka.

Msipeleke mbele habari ya kikombe kama hamjui msichana ni nani na mama yake ni nani.

Na akitokea mtu na kisu anachana pazia, msimshike mkono.